Stakabadhi ya mizani: uchambuzi wa riwaya ya uhalifu iliyogeuzwa filamu Ufaransa

Kampuni ndogo ya filamu ya Paris ilichukua haki ya kuigeuza riwaya moja ya uhalifu kuwa filamu. Iliandika muswada wa filamu upya mara kadhaa, ikanyimwa fedha, ikagombana na mwandishi wa riwaya, na mwishowe ikatoa filamu ambayo mimi naihesabu kuwa nzuri, ingawa ina pengo moja kubwa. Nilikuwa mmoja wa wasomaji walioajiriwa kusoma rasimu na kuandika maoni, hivyo mengi ya haya niliyafuatilia kwenye karatasi zenyewe. Majina ya watu, kampuni, riwaya na filamu nimeyaondoa, na baadhi ya mambo ya hadithi nimeyabadilisha ili kitabu kisitambulike.

Timu ilikuwa na matatizo mawili. La kwanza, msimulizi wa riwaya anamficha msomaji jambo. Je, kamera itafichaje? La pili, muuaji wa riwaya anaponyoka. Je, filamu nayo imwache aponyoke? Kwa muda mrefu maswali haya yaliwekwa kwenye mafaili mawili na kujadiliwa na watu tofauti. Kwa maoni yangu lilikuwa swali moja, na gharama kubwa ya mradi huu ilitokana na kulitenganisha.

Usuli: riwaya

Mambo yanatokea kaskazini mwa Ufaransa, kwenye kiwanda cha sukari. Huko sukari haitokani na miwa. Inatokana na viazi sukari, mizizi minene myeupe inayong'olewa kuanzia Septemba, na kiwanda hufanya kazi usiku na mchana hadi kama Januari hivi. Katika miezi hiyo malori hayakatiki. Lori likiingia linapimwa na mzigo wake. Likishamwaga linapimwa tena likiwa tupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, ukitoa udongo ulioganda kwenye mizizi, ndiyo anayolipwa mkulima.

Msimulizi ni karani wa mizani, na mdogo wake ni dereva wa lori mojawapo. Usiku mmoja wa Desemba mhasibu wa kiwanda anatoweka. Miezi michache baadaye, baridi ikianza kupungua, mwili wake unaonekana bwawani, mbali kidogo na kiwanda. Askari wa gendarmerie, ambao ndio wenye dhamana ya usalama wa vijijini Ufaransa, wanahoji kila mtu. Karani anamsimulia msomaji kwa utulivu, kama mtu asiye na la kuficha. Anakiri hata kwamba ameondoa stakabadhi moja: ya lori la mdogo wake, ambalo usiku ule lilitoka tupu huku likiwa na kilo 80 zaidi ya uzito wake wa siku zote. Msomaji anaelewa haraka. Huyu anamlinda mdogo wake, na nani asingemlinda?

Kurasa za mwisho zinapindua kila kitu. Mhasibu aligundua kuwa vipimo vya baadhi ya wakulima vinachezewa. Karani alimuua, akauficha mwili chini ya turubai la lori la mdogo wake asiyejua lolote, kisha akalifuata usiku uleule na kwenda kuutupa. Anatueleza leo kwa sababu miaka kumi imetimia tangu usiku ule, mashtaka yamefikia ukomo, na hakuna wa kumgusa.

Unapofunga kitabu, aibu ni yako. Umekuwa upande wa muuaji tangu ukurasa wa kwanza, ukimwombea asikamatwe.

Usuli: haki na fedha

Ufaransa, mkataba wa kuchapisha riwaya hautoshi kutengeneza filamu. Kifungu L131-3 cha sheria yao ya milki bunifu kinataka haki ya kuigeuza kazi kuwa filamu iandikwe kwenye waraka wa peke yake, mbali na mkataba wa uchapishaji. Mtayarishaji huanza na opsheni: analipa kiasi kidogo, na kwa muda waliokubaliana hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa riwaya wakati yeye anahangaikia fedha. Muda ukiisha bila kununua, haki zinarudi zilikotoka. Kampuni hii ilichukua opsheni ya miezi 18, yenye nafasi ya kuongezwa mara moja. Mkataba ulimruhusu mwandishi kusoma muswada na kutoa maoni ndani ya mwezi mmoja, bila kumpa mamlaka ya kuukataa. Mtayarishaji akaona yuko salama.

Hakuwa salama. Kifungu L121-1 cha sheria hiyohiyo kinamhakikishia mwandishi kuheshimiwa kwa jina lake na kwa kazi yake. Haki hiyo, inayoitwa haki ya kimaadili, haina mwisho, haiuzwi, na haifi kwa kupita muda. Mahakama za Ufaransa zinakubali kuwa anayegeuza riwaya kuwa filamu lazima apewe uhuru, maana filamu ni sanaa nyingine. Lakini akiisaliti roho ya kitabu, mwandishi ana pa kushika, hata kama mkataba haukumpa kura.

Fedha zilitafutwa milango mitatu: *avance sur recettes*, yaani mkopo wa taasisi ya taifa ya filamu, CNC, ulioanzishwa 1959 na unaorudishwa kutokana na mapato ya filamu; mfuko wa mkoa; na kituo cha televisheni, kwa kuwa vituo vya huko vinalazimika kisheria kuwekeza sehemu ya mapato yao kwenye filamu.

Rasimu ya kwanza: sauti juu ya picha

Mwandishi wa muswada aliileta hadithi siku hizi: simu za mkononi, kamera za ulinzi, mizani ya kompyuta. Sababu ilikuwa gharama. Kupiga picha za mambo ya leo ni nafuu kuliko kutafuta magari na nguo za zamani. Ili asimpoteze msimulizi, akaweka sauti ya karani juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwenye riwaya, usiku wa mauaji umefichwa kwa ujanja rahisi sana. Karani anafunga dirisha la kibanda. Sentensi inayofuata, yuko nyumbani anakunywa supu. Kati ya sentensi hizo mbili kuna saa kadhaa na maiti. Msomaji hashtuki, kwa sababu vitabu huruka muda kila baada ya kurasa mbili tatu na tumezoea.

Rasimu ilijaribu kuubeba ujanja huo kama ulivyo, ikakwama. Sauti ikisema "nilifunga, nikaenda nyumbani" na picha ikamwonyesha akifunga na kwenda nyumbani, picha imedanganya. Watazamaji huisamehe sauti inayodanganya; picha hawaisamehe. Mwongozaji Alfred Hitchcock alilijaribu hilo mwaka 1950 katika *Stage Fright*, akaonyesha tukio la nyuma ambalo baadaye linajulikana kuwa la uongo, na mwenyewe alimkiria mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut kwamba hakupaswa kufanya vile. Picha isipoonyesha chochote, tatizo ni jingine: sauti iliyotusindikiza kila mahali, hadi dukani na msalani, inanyamaza ghafla usiku mmoja tu. Mtazamaji yeyote aliyewahi kuona filamu ya uhalifu anajua hapo kuna jambo.

Kamati ya CNC ilikataa. Maoni yake yalikuwa mafupi: sauti inafanya kazi ya picha. Iliruhusu muswada urudishwe iwapo utaandikwa upya kwa kina.

Hakimu mstaafu na hesabu ya miaka

Wakati huo ndipo mtayarishaji alipomtafuta mshauri wa sheria, hakimu mstaafu. Alisoma rasimu mara moja, akaivunja sehemu mbili.

Ya kwanza, sheria ilikuwa imebadilika. Riwaya iliandikwa wakati ukomo wa mashtaka kwa makosa makubwa kama mauaji ulikuwa miaka 10. Sheria ya Februari 27, 2017 iliufanya miaka 20. Ukiileta hadithi siku hizi, karani anayefungua kinywa baada ya miaka kumi anajipeleka gerezani mwenyewe.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi, na ilikuwa shimo la riwaya yenyewe. Hata chini ya sheria ya zamani, miaka kumi haikuhesabiwa tangu usiku wa mauaji. Mwili umepatikana, hakimu wa upelelezi amefungua faili, watu wamehojiwa, na kila hatua ya namna hiyo inaurudisha muda kwenye sifuri. Saa inaanza upya kuanzia hatua ya mwisho. Karani wa riwaya alihesabu vibaya, mwandishi naye hakuona, na maelfu ya wasomaji hawakuona.

Mezani pakawa na njia tatu. Kubaki siku hizi na kuruka miaka ishirini, maana yake kuwazeesha waigizaji wote. Kuachana kabisa na ukomo wa mashtaka na kutafuta sababu nyingine ya karani kukiri. Au kuirudisha hadithi nyuma, chini ya sheria ya zamani. Mwongozaji alichagua kurudi nyuma: mauaji Desemba 1986, ungamo Januari 1998. Mtayarishaji alilalamikia gharama, na alikuwa na haki. Malori ya miaka ile ilibidi yakodishwe kwa watu wanaoyatunza, na hata bei kwenye ubao wa mgahawa ikaandikwa upya kwa faranga, sarafu ya wakati ule. Lakini walipata kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1986 hakukuwa na kamera uani, na uzito uliandikwa kwenye karatasi. Ushahidi ukawa kitu cha kushikwa mkononi.

Tukio la mizani

Rasimu ya pili iliondoa sauti yote. Badala yake mwongozaji alijenga filamu juu ya tukio moja la kimya, na ndilo ningependa kila anayejifunza kuandika muswada alisome mara mbili.

Karani yuko peke yake kibandani. Nje ni giza na matope. Pembeni mwa dirisha kuna ubao alioandika kwa chaki uzito mtupu wa kila lori analolijua. Lori la mdogo wake linapanda mizani likitoka. Mizani ya malori inapanda kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo namba zinaruka. Zinapita namba ya ubaoni: ishirini zaidi, arobaini, sitini, themanini. Zinasimama. Kamera inatulia kwenye namba, inahamia ubaoni, kisha kwenye uso wa karani. Mdogo wake anapiga honi, ana haraka. Karani anachapa stakabadhi yenye nakala tatu, anaikunja, anaitia mfukoni. Anachapa nyingine yenye uzito wa kila siku na kuipitisha dirishani. Lori linaondoka. Hakuna neno lililosemwa, na muziki haupo.

Mtazamaji anaona mtu aliyegundua kuwa mdogo wake amebeba kitu, na ameamua kumfichia. Kila alichokiona ni kweli. Namba ni za kweli, stakabadhi ni ya kweli, mikono inayotetemeka ni ya kweli. Kilichokosekana ni kwamba karani alijua uzito ule umetoka wapi kabla lori halijapanda mizani.

Kuna agizo moja ambalo mwongozaji alimpa mwigizaji, nami niliona limeandikwa pembeni mwa muswada wake: acheze hofu tu, asicheze mshangao. Hofu ni ya kweli kwa hadithi zote mbili. Ndugu anayemlinda mdogo wake anaogopa, na muuaji anayeona maiti wake akipimwa anaogopa. Mshangao ungekuwa wa kweli kwa hadithi moja tu, na siku mtazamaji akiiangalia filamu mara ya pili angeona kwamba alidanganywa. Kwa agizo hilo moja lile pengo la riwaya lilipata mwenzake wa kwenye skrini. Riwaya ilificha kwa kuruka. Filamu ilificha kwa kuonyesha kitu cha kweli na kumwacha mtazamaji akipe sababu isiyo yake.

Barua ya mwandishi

Kituo cha televisheni kiliipenda rasimu hiyo, kikaahidi fedha, kikaweka sharti: mwisho karani akamatwe. Hoja yao ilikuwa ya wazi. Filamu itaonyeshwa saa ambazo familia nzima iko mbele ya televisheni, na hawakutaka kuwaaga watazamaji na muuaji anayeenda zake. Mwandishi wa muswada akatii. Kwenye rasimu ya tatu askari wanafika kiwandani asubuhi, theluji imeanguka, pingu zinafungwa.

Rasimu ikatumwa kwa mwandishi wa riwaya kama mkataba ulivyotaka. Jibu lilifika kabla mwezi haujaisha. Alipinga mwisho ule, akataja haki yake ya kimaadili, akasema filamu ikitoka hivyo atadai jina lake liondolewe na kulipeleka suala mahakamani.

Mwanasheria wa kampuni alidhani wangeweza kushinda, kwa kuwa mahakama huwapa wageuzaji nafasi pana. Hata hivyo kushinda baada ya miaka miwili hakulisaidii jambo. Hakuna msambazaji anayetaka filamu yenye kesi, na opsheni, ambayo walikuwa wameshaiongeza, ilikuwa ukingoni. Barua ya kujibu kisheria ilikuwa tayari. Mwongozaji akaomba isitumwe kwanza, akapanda treni kwenda kumwona mwandishi nyumbani kwake.

Alichorudi nacho kiliishangaza ofisi. Mwandishi hakuwa amening'inia kwenye uhuru wa karani. Kukamatwa au kutokamatwa hakukumsumbua sana. Alichokilinda ni ile aibu ya msomaji. Alimweleza mwongozaji kwamba pingu zinamwosha mtazamaji: mbaya amekamatwa, sisi wema tunakwenda kulala, na hakuna anayejiuliza kwa nini alimpenda. Akamkumbusha *Plein soleil*, filamu ambayo René Clément aliitengeneza mwaka 1960 kutokana na riwaya ya Patricia Highsmith ya 1955. Kwenye riwaya muuaji anaponyoka. Kwenye filamu mashua inavutwa nchi kavu, na kamba iliyonasa inauburuta mwili nyuma yake. Highsmith aliusifu uigizaji wa Alain Delon na kuulaumu mwisho huo, akiuona ni kuinamia maadili ya hadhara.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana kwa mara ya kwanza. Tukio la mizani lilimweka mtazamaji upande wa karani. Mwisho ndio ulikuwa uamue mtazamaji atafanywa nini akishafika huko. Aliyeshughulikia la kwanza ni mwongozaji, na la pili liliachiwa mtayarishaji, mwanasheria na watu wa televisheni, ambao hawakuwahi kukaa pamoja naye kulizungumza.

Mwisho mpya

Suluhisho lilitoka kwenye lile shimo la kisheria. Kama kila hatua ya upelelezi inaurudisha muda kwenye sifuri, basi mwisho wa hadithi unaweza kutegemea hatua moja ndogo ambayo karani hakuijua.

Kwenye riwaya dada wa marehemu anatokea kurasa mbili tu. Rasimu ya nne ilimfanya nguzo. Kila mwaka anamwandikia hakimu wa upelelezi. Mwaka 1991 hakimu, nadhani kwa kuchoka zaidi kuliko kwa matumaini, anawaagiza askari wamhoji dereva mmoja aliyestaafu. Mahojiano ni mafupi. Mzee hakumbuki chochote. Karatasi inapigwa chapa, inasainiwa, inaingia kwenye faili. Tukio zima linapita kama jaribio lililoshindikana, na dada anarudi nyumbani kwa basi.

Januari 1998 karani, ambaye safari hii amehesabu vizuri kuanzia mahojiano ya mwisho anayoyajua, ya mwishoni mwa 1987, anamwita dada yule kwenye kibanda cha mizani. Anamwekea stakabadhi mezani. Anamsimulia yote, kwa sauti ileile ya utulivu ya kwenye riwaya, na hapo tu ndipo filamu inapomruhusu asimulie. Dada anamsikiliza hadi mwisho. Kisha anamwomba aandike tarehe ya leo nyuma ya stakabadhi na aweke saini. Karani anaandika, kwa sababu haoni hatari yoyote. Filamu inakatika.

Anayekumbuka basi la 1991 anaelewa kwamba muda wa kumshtaki karani unaisha 2001, na kwamba mtu huyu ametoka kujifunga kwa mkono wake. Asiyekumbuka anaondoka akidhani ameponyoka. Kituo cha televisheni kilikubali, maana kisheria muuaji amepatikana. Mwandishi alikubali kwa sababu hakuna pingu, na kwa sababu mtazamaji anayeelewa anajikuta, kwa sekunde moja mbaya, akitaka kumwambia karani aiache ile kalamu.

Mtayarishaji alihofia kuwa wengi hawataelewa, akaomba hakimu wa 1991 aseme kwa kinywa kwamba hatua hii inaanza kuhesabu upya. Walikubaliana nusu njia: karani wa mahakama anauliza tarehe ya leo ili aiandike kwenye faili, na hakimu anaitaja kwa sauti. Basi.

Matokeo

CNC ilipitisha muswada uliporudishwa, na opsheni ilinunuliwa kabla haijakatika. Upigaji wa picha ulipangwa msimu wa mavuno, kwa kuwa milima ya viazi sukari haitengenezwi kwa plastiki, na baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda walionekana kwenye filamu wakifanya kazi zao. Ilitoka Jumatano, kama filamu zote za huko. Sinemani ilivuta watu wa wastani, na ilipoonyeshwa kwenye televisheni ndipo ilipopata watazamaji wake wengi. Riwaya ilichapishwa tena. Mwandishi alikubali kukaa jukwaani na mwongozaji kuizungumzia, jambo ambalo siku ya ile barua hakuna ambaye angeliwazia. Haikumtajirisha mtu.

Uchambuzi

Uamuzi uliobeba filamu ni kuacha sauti. Wengi husema sauti ya msimulizi ni uvivu, nami sikubaliani. Zipo filamu ambazo haziwezi kusimama bila hiyo. Hapa iliharibu kwa sababu maalumu: riwaya hii inaishi kwa ukimya wa usiku mmoja, na sauti inayosema kila mahali inautangaza ukimya huo. Swali la kuuliza kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza lilikuwa hili: msomaji anadanganywa wapi, na anadanganywa na nini? Timu ililiuliza baada ya kukataliwa fedha.

Kurudi miaka ya themanini kulionekana kama kushindwa mbele ya sheria, kumbe kulileta karatasi, ubao wa chaki na namba zinazoruka. Mwongozaji Bertrand Tavernier aliwahi kufanya jambo la ujasiri zaidi katika *Coup de torchon* ya 1981: aliichukua riwaya ya Jim Thompson kuhusu sherifu (mkuu wa polisi) mwovu wa kusini mwa Marekani akaihamishia Afrika Magharibi ya wakoloni wa Kifaransa, mwaka 1938. Hakuhama ili apate mandhari nzuri. Alitafuta mahali ambapo sherifu yule mwovu angekuwa na mamlaka yaleyale na dharau ileile juu ya watu. Timu yetu nayo ilipata muda ambamo udanganyifu wa riwaya unawezekana kimwili na kisheria, ingawa ilifika huko kwa kusukumwa.

Makosa. Mshauri wa sheria aliitwa amechelewa. Hadithi iliyosimama juu ya ukomo wa mashtaka ilipaswa kupita kwake kabla ya senti moja kutumika kwenye muswada. Kisha mkataba ulisomwa kama ngao. Kipengele cha "maoni ndani ya mwezi mmoja" kilimfanya mtayarishaji aamini kwamba kumsikiliza mwandishi ni hiari, wakati sheria ya nchi yake ilikuwa imeshaamua vingine. Safari moja ya treni ilifanya kazi ambayo barua tatu za mwanasheria zisingeifanya, na ingekuwa na faida mara kumi kama ingefanyika kabla ya rasimu ya kwanza. Mwandishi alijua vizuri kuliko yeyote ni kitu gani kwenye kitabu chake hakigusiki. Hakuna aliyemuuliza.

Lile pengo nililolitaja mwanzoni ni mdogo wake karani. Kwenye riwaya ndiye anayeumia zaidi. Kijiji kinamshuku kwa miaka, ndoa yake inavunjika, na kaka yake anaangalia. Huko ndiko ubaya wa karani ulikokaa, zaidi hata ya mauaji yenyewe: anamwacha mtu asiye na hatia aliwe polepole na macho ya majirani. Dada wa marehemu alipokuzwa, dakika zake zilitoka kwa mdogo mtu. Kwenye filamu iliyokamilika anatoweka baada ya nusu ya kwanza, na matukio yake mawili yaliyopigwa picha yaliondolewa wakati wa uhariri ili filamu isizidi muda. Niliandika kwenye maoni yangu kwamba angalau moja lirudi, lile ambalo anakuja kibandani kumshukuru kaka yake kwa kumlinda. Halikurudi. Mwongozaji alihofia kwamba lingemfichua karani mapema, na kwa hesabu ya siri alikuwa sahihi. Lakini aibu aliyoipigania mwandishi ingekuwa nzito maradufu kama mtazamaji angelikumbuka shukrani ile wakati stakabadhi inawekwa mezani, na filamu ilipoteza hilo.

Kampuni imebadilisha utaratibu wake tangu hapo. Kabla ya kusaini opsheni, mwongozaji na mwandishi wa riwaya hukutana, na mwandishi huombwa aandike kwa ukurasa mmoja kile ambacho kikiondoka, kitabu chake kimeondoka. Ukurasa huo hauna nguvu ya mkataba. Unabandikwa mwanzoni mwa kila rasimu, na wasomaji wa miswada huusoma kabla ya kitu kingine chochote.